Mwanamke Aliyeniomba Nimsomee Simu

Nikisimulia jambo hili, swali la kwanza ninaloulizwa ni kama siku ile nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula, tena nimeshiba, wali na samaki wa mama ntilie wa pale chini kwetu. Swali la pili ni kama ulikuwa usiku. Haukuwa usiku. Nje watu walikuwa wanabeba mizigo, mikokoteni inapita, magari yanapigiana honi kule Msimbazi kama kawaida. Kwa hiyo anayetaka kuamini aamini, asiyetaka aniache na yangu, ila asije akaniambia niliota. Mtu haoti akiwa amesimama kwenye ngazi na furushi la vitenge begani.

Mimi nauza vitenge kwa jumla. Duka langu liko ghorofa ya pili, kwenye jengo moja la zamani Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Watu wananiita Mama Vitenge, hata wale wanaolijua jina langu. Kwetu ni Kibosho, lakini Dar niliingia nikiwa binti, nikaanzia Mchikichini na mitumba, nikapanda taratibu mpaka nikapata fremu yangu ya duka. Nakwambia haya ili ujue unaongea na mtu wa namna gani. Hapa mjini nimeshaibiwa, nimeshatapeliwa, nimeshaunguliwa na mzigo, na kesho yake nikaamka nikafungua. Mfanyabiashara wa Kariakoo akikwambia aliogopa, ujue kweli kulikuwa na kitu.

Sasa, biashara ya vitenge siku hizi iko kwenye simu. Mteja yuko Lubumbashi, mwingine yuko Mbeya, mwingine yuko hapo Buguruni tu lakini hataki foleni. Wote wanataka picha. Ukituma picha wanataka video, ukituma video wanataka usogeze karibu waone nakshi. Simu yangu ilikuwa imeanguka ikapasuka, nikaipeleka Mtaa wa Aggrey kwa fundi mmoja kijana, akanibandikia kioo cha kopi. Akaniambia, "Mama, hiki na orijino ni ndugu, tofauti utaisikia mfukoni tu." Na kweli, kwa kukitazama harakaharaka kilikuwa kizuri.

Ila mwanga wake ulikuwa unacheza. Si kucheza kwa wazi hivi. Unaijua taa ya tyubu inayokaribia kufa? Ukiikodolea huoni kitu, ukigeuza macho pembeni ndiyo unaona inatetemeka. Kioo changu kilikuwa hivyo. Na mimi nilikuwa natazama mle asubuhi mpaka jioni, ndani ya jengo ambalo mchana wake ni giza nusu, kwa sababu madirisha yote yamezibwa na marobota.

Macho yakaanza kuniuma. Mwanzo kama yameingia mchanga. Halafu yakawa yanatoa machozi yenyewe, mteja anadhani nimefiwa. Halafu kichwa, hapa juu ya nyusi, kinagonga. Jioni nikitoka nje nilikuwa siwezi kusoma bango la ng'ambo ya barabara mpaka nisimame kwanza nipepese macho. Nikaenda hospitali ya macho. Daktari, dada mmoja mpole sana, akaniuliza kazi yangu, akaniuliza kuhusu simu, akanicheki. Akasema macho yangu si mabovu ila yamechoka, na kwamba mtu akikodolea simu anasahau kupepesa. Akanipa dawa ya matone. Akaniambia nibadilishe kile kioo, na kila baada ya muda niinue macho nitazame kitu kilicho mbali. Nikasema sawa daktari. Nikarudi dukani, nikakuta meseji zimejaa.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Kirit.

Mzee Kirit ni fundi nguo. Ni Mhindi aliyezaliwa hapahapa Kariakoo, na baba yake alishona kwenye chumba kilekile cha ghorofa ya kwanza anachoshonea yeye. Anauza pia vifungo, zipu na nyuzi. Mtu huyu alikuwa anashona blauzi za sari kwa mkono, shanga moja moja, na alikuwa anatunga uzi kwenye sindano huku anakusimulia habari nyingine kabisa, hata hatazami. Watu walikuwa wanatoka Upanga, wanatoka Posta, wanamfuata yeye na kazi yake ya mkono.

Siku moja napita pale nikamkuta amekaa, mikono mapajani, cherehani imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo Mzee Kirit. Leo hufanyi kazi?"

"Marahaba. Kazi imenikataa," akasema. "Sindano siioni, Mama Vitenge. Siyo tundu. Sindano yenyewe siioni."

Nikamwambia ni umri, aende akapimwe, kuna miwani nzuri siku hizi. Akasema ameshapimwa, ameshapewa miwani, haisaidii. Akaniambia mwanawe aliyeko nje ya nchi ameshamwambia auze kila kitu aende akapumzike huko, na kuna mtu anakuja kuichukua cherehani. Alikuwa anaongea taratibu tu, bila kulalamika, lakini mkono wake ulikuwa unaipapasa ile cherehani juu ya kitambaa kama unavyompapasa mgonjwa.

Halafu akaniambia kitu ambacho wakati ule sikukitilia maanani.

"Ilianza siku nilipomsomea yule mama simu yake," akasema. "Pale kwenye ngazi. Aliniomba, mwanawe kamwandikia. Nikamsomea. Alikuwa anarudia kila neno nikilisoma, kama mtoto wa shule. Nimesoma, nimesoma, mpaka leo sikumbuki iliandikwa nini."

Nikamwitikia tu, pole mzee, nikapanda zangu dukani. Wewe ungefanya nini? Mtu mzima anakwambia macho yaliharibika kwa sababu ya kusoma meseji. Utasema ni maneno ya mtu mwenye huzuni.

Basi. Siku yenyewe ilikuwa imepiga mvua mchana, ikaacha, mawingu yamebaki yametanda. Umeme ukakatika. Jenereta la jengo letu ni bovu, kila mtu anajua, kwa hiyo majirani wakaanza kufunga mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na furushi la kupeleka kwenye basi la Mbeya, nikasema na mimi nifunge mapema. Nikaweka furushi begani, nikashuka.

Zile ngazi zetu ni nyembamba, ukuta huku na ukuta huku. Mwanga unaingia kwenye yale matofali yenye matundu pale ngazi zinapokata kona, na siku ile ulikuwa ni mwanga wa kijivu, kidogo tu. Nilikuwa nashuka huku mkono mmoja unashika ukuta. Nilipofika kwenye ile kona ya juu ya ghorofa ya kwanza, nikamwona mama amekaa kwenye ngazi.

Alikuwa mtu mzima, amejifunga kanga vizuri, nyingine ameitupa mabegani. Viatu safi. Hakuwa na kitu chochote cha kutisha, niamini. Alikuwa na simu mkononi, na ile simu mwanga wake ulikuwa unacheza, tena kuliko wa kwangu. Ukuta wote ulikuwa unapepesa nao.

"Shikamoo mama," nikasema, maana nilitaka anipishe.

"Marahaba mwanangu. Hebu nisaidie. Mwanangu kaniandikia na mimi macho yangu hayaoni. Nisomee."

Kariakoo jambo hilo ni la kila siku. Watu wanaombana kusomeana meseji, kuhesabiana, kupigiana simu. Na mwenyewe nina mama Kibosho asiyejua kusoma, akipata meseji anakimbilia kwa jirani. Utamkataliaje mtu? Nikaegemeza furushi ukutani, nikapokea ile simu.

Ilikuwa nyepesi, nyepesi mno kwa simu. Hilo nililigundua, halafu nikalisahau papo hapo kwa sababu macho yalikuwa yameshaingia kwenye maandishi.

"Mama, nimefika salama," nikasoma.

"Mama, nimefika salama," akarudia.

"Njiani tulisimama mara nyingi, ndiyo maana nimechelewa kukwambia."

Akarudia.

"Kuna mtu nilikutana naye, akanieleza jambo, na jambo lenyewe linakuhusu."

Akarudia, polepole, kama anatafuna.

Meseji ilikuwa ndefu. Kila mstari ulikuwa unaahidi kwamba unaofuata ndio wenye habari yenyewe. Nitakwambia mama, lakini kwanza nikueleze hili. Utashangaa mama, lakini subiri nianzie huku. Unajua jinsi unavyoshika simu kitandani unasema naangalia hii moja tu nilale, halafu ile moja inakuletea nyingine? Ndivyo ilivyokuwa, ila mara kumi zaidi. Kidole changu kilikuwa kinasukuma chenyewe. Herufi zinatetemeka, zinaungana, zinaachana. Machozi yakaanza kunitoka, yakashuka mpaka kidevuni. Nikataka kupepesa macho niyafute, yakakataa. Nikataka kugeuza shingo, ikakataa.

Nikajua hapo hapo kwamba nimeshikwa.

Kwa pembe ya jicho, kabla giza halijaizunguka ile simu, nikauona uso wa yule mama. Macho yake, jamani. Unaijua ile karatasi ya nailoni inayokuwa juu ya kioo cha simu mpya, kabla hujaibandua? Macho yake yalikuwa yamefunikwa na kitu kama hicho. Na kilikuwa kinabanduka. Kila mstari ninaousoma mimi na kuurudia yeye, kinabanduka kidogo, na chini yake inaonekana mboni nyeusi, nzuri, inayong'aa. Upande wangu, dunia ilikuwa inafungwa. Ukuta sikuuona tena, furushi sikuliona, mikono yangu mwenyewe sikuiona. Kilichobaki ni kile kipande cha mwanga kinachopepesa.

Akaanza kusoma. Si simu. Mlango wa Mzee Kirit uko pale chini ya zile ngazi, na juu yake kuna bango. Nikamsikia anaunganisha herufi, kwa sauti ya chini, kwa furaha.

"Vi... fu... ngo. Vifungo." Akacheka kidogo. "Vifungo na zipu. Jumla na rejareja."

Zile ni herufi kubwa, za rangi nyekundu, yeyote anaziona. Chini yake kuna maandishi mengine madogo, Mzee Kirit aliyaandika kwa mkono miaka mingi iliyopita, kama yanavyoandikwa kwenye maduka mengi mjini hapa. Hayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshindwa kuyasoma kutoka pale juu kwa muda mrefu. Yule mama akayasoma.

"Mali ikishauzwa hairudishwi," akasema. Akacheka tena. "Endelea, mwanangu. Endelea."

Sijui kama ni lile cheko au ni yale maneno. Najua tu kwamba uoga ulikatika ghafla, zikapanda hasira. Hairudishwi? Nani amekuuzia? Tumepatana wapi, kwa bei gani, shahidi nani? Macho yangu yaliyonilisha tangu Mchikichini, yaliyochagua kila kitambaa ndani ya lile duka, wewe unakuja kuyachukua kwenye ngazi halafu unanisomea masharti ya biashara?

Na hapo ndipo maneno ya Mzee Kirit yaliponijia. Alikuwa anarudia kila neno, kama mtoto wa shule.

Fikiria na wewe. Mtu anayerudia nyuma ya msomaji ni yule asiyejua kilichoandikwa. Anaamini mdomo. Macho yangu yalikuwa yameshikwa, shingo imeshikwa, kidole kimeshikwa, lakini mdomo ulikuwa bado ni wangu. Na mimi kwa mdomo ndipo ninapokula. Nimeshawahi kumuuzia mtu kitenge ambacho aliapa hakitaki, akaondoka na robota.

Ila ilikuwa lazima niwahi. Alikuwa ameshasoma maandishi madogo ya mlangoni. Macho yakimkaa zaidi, atasoma na simu mwenyewe, ataona ninasema uongo, na mimi itakuwa imekwisha.

Nikaendelea kwa sauti ileile, ya kusitasita, kama ninatafuta herufi.

"Mama, yale macho si yako."

Safari hii hakurudia.

"Ndivyo kaandika?" akauliza.

"Ndivyo ilivyo hapa mama. Niendelee?"

"Mama, yale macho si yako," akarudia.

Na mimi nikaona kidole gumba changu. Naapa. Kilikuwa hakipo, kikawepo, na kucha yake iliyovunjika.

"Mwenyewe amesimama mbele yako," nikasoma. "Mrudishie."

"Mwenyewe amesimama mbele yako. Mrudishie."

Ukuta ukarudi, na rangi yake ya kijani iliyobanduka. Furushi likarudi. Sikutaka kushangilia, nikaifunga sauti yangu isitetemeke, nikaenda mbele haraka lakini si haraka sana, kama unavyomvuta mteja aliyeshaingiza mkono kwenye pochi.

"Mrudishie na yule fundi mzee wa mlango wa chini. Na wote uliowachukulia, kila mmoja umrudishie yake, usibakize."

Akarudia. Sauti yake ilikuwa inakonda. Lakini alirudia mpaka neno la mwisho, sijui kwa nini, nadhani hakuwa na uwezo wa kuacha, kama mimi nilivyokuwa sina uwezo wa kuacha kusoma.

"Ukimaliza, shuka ngazi. Jengo hili usipande tena."

"Ukimaliza, shuka ngazi," akasema. "Jengo hili usipande tena."

Shingo yangu ikafunguka. Nikainua macho. Nikapepesa, na sijawahi kuonja kitu kitamu kama kule kupepesa. Nikamtazama usoni. Ile nailoni ilikuwa imerudi juu ya macho yake, nzito kuliko mwanzo, na alikuwa anapapasa hewani anatafuta simu. Nikamwekea mkononi. Akaisogeza karibu na pua, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Haikuandikwa hivyo," akasema.

"Haikuandikwa hivyo, mama."

"Umenidanganya."

"Ndiyo mama, nimekudanganya."

Halafu akaninyooshea ile simu, na sauti yake ikawa ya kubembeleza, sauti ya mzazi kabisa. "Basi nisomee ilivyoandikwa. Mstari mmoja tu."

Nikamwambia, "Mama, nimeshafunga duka."

Akainuka. Alishuka akipapasa ukuta, mwanga wa ile simu unapepesa mbele yake, akapita mlango wa Mzee Kirit, akakata kona ya chini. Wewe ungekimbilia juu, sivyo? Na mimi ningekimbilia juu siku nyingine yoyote. Lakini siku ile nilikuwa nimeshinda na nilitaka kuona. Nikabeba furushi langu nikamfuata. Nilisikia viatu vyake hatua chache mbele yangu, halafu sikuvisikia. Pale kwenye ngazi ya mwisho, kabla ya mlango mkubwa, simu ilikuwa imelala chini, imezimika. Mlinzi wetu amekaa mlangoni anakunywa kahawa.

"Nani ametoka sasa hivi?" nikamuuliza.

"Hajatoka mtu," akasema. "Tangu wale majirani zako watoke, wewe ndiye wa kwanza."

Ile simu niliifunga kwenye kipande cha kitenge, sikutaka kuigusa. Kesho yake nilimpelekea yule fundi wa Aggrey. Aliigeuza, akaitia bisibisi, akaifungua. Ndani hamna betri, hamna laini, hamna chochote. Ni zile simu za maonyesho, ganda tupu linalowekwa kabatini ili mteja aone umbo. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia aipondeponde mbele ya macho yangu, na akaiponda, akidhani ninatania.

Lakini nataka nikwambie kwanza habari ya ile jioni yenyewe, maana hiyo ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote.

Nilitoka nje ya jengo nikasimama mtaani, na nikaona. Sikuwa nimerudishiwa tu kile alichonichukulia. Nadhani nilirudishiwa macho yangu ya ujana. Niliona bango la ng'ambo ya barabara, na bango la nyuma yake, na namba za simu zilizoandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa ghorofa la mbali. Niliona kunguru kwenye waya, na unyoya wake uliosimama. Niliona mshono wa begi la kijana aliyenipita anakimbia. Nikaanza kusoma kwa sauti, siwezi kukudanganya, nikatembea na furushi langu mpaka Msimbazi nikisoma kila kitu. Vyombo vya plastiki bei poa. Tunabadilisha zipu. Usikojoe hapa. Kuku wa kienyeji wamefika. Watu wakawa wananipisha njia. Mwendesha bodaboda mmoja akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa kuliko jana, nikamsomea na maandishi ya kwenye kofia yake. Akacheka, akanipeleka stendi, tukawahi basi la Mbeya.

Asubuhi nilifika dukani nikakuta Mzee Kirit amekaa kwenye ngazi za mlango wake ananisubiri. Hakunisalimia. Alinishika mkono, akaniingiza ndani, akaondoa kitambaa juu ya cherehani. Akachukua sindano nyembamba kuliko zote alizonazo, akachukua uzi, akanitazama mimi usoni, na huku ananitazama akautunga uzi.

"Jana jioni," akasema. "Nilikuwa nimekaa nyumbani nakunywa chai. Nikaona maua kwenye kikombe. Mke wangu akadhani naumwa kwa jinsi nilivyolia."

Nikamweleza yote. Hakuniuliza kama nilikuwa nimekula. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jambo moja tu, kama kweli yule mama alisoma bango lake lote. Nikamwambia alilisoma lote, mpaka yale maandishi madogo. Akacheka mpaka akavua miwani, ile miwani ambayo sasa hakuwa na haja nayo. Aliyekuja kuchukua cherehani alirudi mikono mitupu. Mwanawe alipiga simu kuuliza tiketi akate lini, na Mzee Kirit akamwambia, "Kata ya kuja wewe, mimi nina kazi." Mchana ule mke wake alituletea sinia zima la ladu, vile vitamu vya Kihindi, jengo zima likala bila kujua tunasherehekea nini.

Mimi sikubaki vilevile. Macho yangu ni mazima, daktari mwenyewe alishangaa, lakini kuna kitu kilichobaki ndani yake. Mwanga ukicheza popote, hata kidogo, hata ambao mtu mwingine hauoni, mimi nausikia kwenye kope kama mdudu anatembea. Nikiingia benki najua taa gani itakufa wiki hii. Nikikaa karibu na mtu mwenye simu yenye kioo kibovu, namwambia akibadilishe, na kuna wanaonishukuru na kuna wanaoniona mwehu. Simu yangu nilibadilisha. Wateja sasa ninawapigia, ninawaeleza kitambaa kwa mdomo: rangi yake, uzito wake, nakshi inavyokwenda, kinavyoanguka mwilini. Picha natuma moja tu. Nilidhani watanikimbia. Wameongezeka. Mteja wa Lubumbashi anasema akinisikiliza anakiona vizuri kuliko kwenye video. Nimeshachukua na fremu ya pili, ile ya mbele yenye dirisha.

Wanaoniuliza kama siku hizi nawasomea watu meseji, nawaambia ndiyo, ninawasomea. Usije ukamnyima mtu msaada kwa sababu ya kisa changu. Mtu asiyejua kusoma na mtu asiyeona wana haki ya kusomewa, na wengi wao ni watu kama mimi na wewe. Ila usimsomee gizani. Mtoe nje, msimame penye mwanga wa kweli, shika simu yake uipime uzito kwanza, na ukisoma, msikilize. Akianza kurudia kila neno nyuma yako, basi kumbuka mdomo ni wako.

Na wewe unayenisoma kwenye simu sasa hivi, umejikunja, kioo kiko karibu na pua, macho yanakuwasha na bado unasukuma kwa kidole. Acha hapa. Inua macho, tazama kitu kilicho mbali, dirishani, ng'ambo ya barabara, popote, kisha upepese. Kama umeweza, mshukuru Mungu, macho bado ni yako. Kama shingo imekataa, usiogope, ila usisome mstari mwingine kama ulivyoandikwa.